Mapadri Wawili katika Makorongo ya Mto Colorado

Kuna nchi ambamo maji ndiyo njia. Mwenye kutaka kupita hashiki barabara, maana barabara haipo. Anaingia mtoni kwa miguu yake, maji yakimfika mara kwenye kifundo, mara magotini, mara kiunoni, naye anafuata mto siku nzima kati ya kuta mbili za mwamba. Nchi hiyo iko magharibi ya Marekani, katika majimbo ya Utah na Arizona. Ni jangwa. Juu ya mwamba mtu aweza kufa kwa kiu, na chini, katika korongo, mtu yule yule aweza kufa kwa maji.

Leo watu wengi huenda kutembea katika makorongo hayo kwa furaha, wakiongozwa na wenye kuyajua. Lakini zamani walipita mapadri wawili wa Mtakatifu Fransisko, na hawakwenda kwa furaha. Habari yao yafaa kusimuliwa, kwa kuwa inatufundisha thamani ya mwongoza njia na uzito wa ahadi.

Nchi yenyewe

Kwanza tuielewe nchi. Sisi tuliozoea mito isiyokauka na ardhi inayonywa mvua, ni vigumu kuiwaza. Kule ardhi ni mwamba mtupu wa mchanga ulioshikamana, mwekundu kama tofali. Mvua ni haba. Lakini inaponyesha, mwamba hauinywi. Maji yote yanateremka kwa mara moja na kutafuta ufa wa kupitia. Kwa miaka elfu na elfu maji hayo, yakibeba mchanga na mawe, yamekata mwamba kama msumeno ukatavyo ubao. Hivyo yalizaliwa makorongo. Mengine ni mapana, na mto mkubwa wa Colorado unapita ndani yake. Mengine ni membamba hata mtu akinyosha mikono anagusa kuta zote mbili, na akitazama juu anaona mbingu kama utepe.

Wenyeji wa nchi hiyo, kama Wapaiute, Wayute, Wahopi na Wanavaho, walijua kuishi humo. Walijua chemchemi iko wapi, mbegu gani zaliwa, na mto wavukwa mahali gani. Elimu hiyo haikuandikwa katika kitabu. Ilikaa katika vichwa vya wazee na katika miguu ya vijana.

Safari yaanza

Mwaka 1776 nchi ile ilihesabiwa kuwa ya mfalme wa Hispania. Wahispania walikuwa na mji wa Santa Fe, katika New Mexico, na mbali sana, pwani ya California, walikuwa na misioni ya Monterey, iliyoanzishwa mwaka 1770. Kati ya miji hiyo miwili hapakuwa na njia iliyojulikana kwao. Ndipo Padri Francisco Atanasio Domínguez, mzaliwa wa mji wa Mexico, na Padri Silvestre Vélez de Escalante, kijana mzaliwa wa Hispania, walipokubali kuitafuta. Walitaka pia kuona mataifa yaliyokaa njiani, wapate kuyapelekea Injili.

Waliondoka Santa Fe tarehe 29 Julai 1776. Jumla yao walikuwa watu kumi. Hawakuwa na askari wa kuwalinda. Mmoja wao, Bernardo Miera y Pacheco, alikuwa fundi wa kuchora ramani. Mwingine, Andrés Muñiz, alijua lugha ya Wayute. Escalante ndiye aliyeandika kila siku mambo waliyoyaona, na maandiko yake yapo hata leo.

Kwa sehemu ya kwanza walikwenda vizuri. Kwa nini? Kwa sababu walipata waongoza njia. Mmoja alikuwa mtu wa taifa la Timpanogos, walilokuwa wakiliita Walaguna, yaani watu wa ziwa. Mapadri walimpa jina la Silvestre. Alikuwa mbali na kwao, akakubali kuwarudisha njia ile aliyoijua. Pamoja naye alikuja mtoto mwanamume wa taifa hilo hilo, nao wakamwita Joaquín. Silvestre aliwapitisha milimani na mitoni, akawaonyesha vivuko, na tarehe 23 Septemba akawafikisha kwenye ziwa la watu wake, linaloitwa leo Utah Lake. Hakuna mtu wa Ulaya aliyeandika juu ya ziwa hilo kabla yao.

Watu wa ziwa waliwapokea kwa wema. Wakala pamoja samaki, wakasikiliza habari za Mungu. Mapadri waliahidi kurudi mwaka utakaofuata na kukaa nao. Wenyeji nao wakawapa alama ya mapatano, picha zilizochorwa juu ya ngozi. Tukumbuke ahadi hiyo; tutairudia.

Ugomvi wa usiku mmoja

Silvestre alibaki kwao. Mtu mwingine wa ziwa, aliyeitwa José María, akashika kazi ya kuongoza. Basi sikilizeni jinsi walivyompoteza.

Usiku mmoja mwanzoni mwa Oktoba, mkubwa mmoja wa msafara alimwita mtumishi wake waje kusali Rozari. Mtumishi akakataa. Bwana akamkaripia kwa uvivu na ukosefu wa ibada, na mara wakashikana mwilini wakipigana. José María aliwatazama. Aliwaona Wakristo wakikunjana kwa sababu ya sala! Akaogopa. Asubuhi ya tarehe 5 Oktoba akawaacha, akarudi kwao. Mapadri hawakumlazimisha kubaki.

Hivyo msafara ukawa bila macho. Wahenga wetu wamesema: mgeni ni kipofu, ingawa ana macho. Rozari ni sala takatifu, lakini mwenye kuivuta kwa ngumi amewafukuza watu mbele yake. Katekista yeyote ajue neno hilo, na baba yeyote wa jamaa vilevile.

Kura

Siku zile zile theluji ikaanguka, na upepo wa baridi ukavuma. Chakula kilikuwa kinapungua, na Monterey ilikuwa mbali bado. Mapadri waliona kwamba wakiendelea watafungwa na theluji milimani, wafe wote. Wakataka kurudi Santa Fe kwa upande wa kusini. Lakini Miera na wengine wakanung'unika. Walikuwa wameiota California, sifa na faida yake.

Tarehe 11 Oktoba mapadri wakakata shauri la kupiga kura. Kwanza waliwaonya wenzao waweke mbali tamaa zao na kutii mapenzi ya Mungu. Wakasali, wakapiga kura. Kura ikaangukia kurudi. Wote wakakubali, na manung'uniko yakakoma.

Lakini kurudi kulikuwa kugumu kuliko kwenda, maana mbele yao kulikuwa na Mto Colorado na makorongo yake, nao hawakuwa na mtu wa kuwaongoza kwa hakika. Wapaiute waliokutana nao mara nyingi waliwaogopa, wakawaonyesha njia kwa mkono tu, kisha wakaenda zao. Walikuwa wamewaambia kwamba kivuko kipo. Lakini kujua kwamba mlango upo si kujua mlango uko wapi.

Toka ukiweza

Tarehe 26 Oktoba walifika mtoni, mahali ambapo mto mdogo wa Paria unaingia katika Colorado. Nyuma yao jabali, mbele yao maji mengi ya baridi. Kambi yao wakaiita San Benito Salsipuedes. Neno hilo la mwisho maana yake ni: toka ukiweza.

Waogeleaji wao wawili hodari walivua nguo, wakazibeba kichwani, wakajitosa. Katikati mkondo ukazichukua nguo zote. Walifika ng'ambo uchi na wamechoka, hata hawakuweza kupeleleza mbele. Ikawapasa kuogelea tena kurudi. Ndipo wakaunda chelezo cha miti, na Padri Escalante mwenyewe akapanda pamoja na watumishi. Miti mirefu ya kusukumia haikugusa chini, na upepo na mawimbi yakawarudisha. Maji usiyoyafika hujui wingi wake.

Chakula kilikwisha. Wakachinja farasi wao, wakala nyama yake, na siku nyingine wakala mpungate uliochomwa motoni. Watu wawili wakatumwa kutafuta njia ya kutoka. Mwanzoni mwa Novemba wakapanda jabali la bonde la Paria; mwendo mfupi uliwagharimu zaidi ya saa tatu, kwa mchanga mwingi na mawe makali. Wakazunguka juu ya mwamba siku kadhaa, wakishuka korongo hili na kukwama, wakipanda tena.

Hatimaye, tarehe 7 Novemba, walikipata kivuko. Lakini wanyama waliwezaje kuteremka? Katika korongo dogo linaloelekea mtoni, mwamba ulikuwa mtelezo. Wakatwaa mashoka, wakachonga ngazi katika jiwe lenyewe, mwendo wa meta mbili au tatu hivi. Wanyama wakashuka kwa ngazi hizo bila mizigo. Mizigo na matandiko yakateremshwa kwa kamba kutoka jabalini. Kisha watu wakaingia majini, na mto mpana wakauvuka hapo penye maji mafupi. Jioni yapata saa kumi na moja wote walikuwa ng'ambo. Wakamshukuru Mungu, wakapiga bunduki hewani kwa furaha.

Walipita katika vijiji vya Wahopi, wakafika Santa Fe tarehe 2 Januari 1777. Walikuwa wamezunguka zaidi ya kilometa 2,500, na hakuna hata mmoja aliyekufa. Mtoto Joaquín wa Walaguna alikuwa pamoja nao hata mwisho.

Mambo yaliyobaki

Je, safari hiyo ilizaa nini? Monterey hawakuifika. Lakini ngazi zao zilibaki, na mahali pale pakaitwa Kivuko cha Mapadri. Mwaka 1829 mfanya biashara Antonio Armijo alipita hapo na msafara wake, akafika California. Ramani ya Miera ilisaidia wengi, ila ilikuwa na kosa: iliunganisha mito miwili iliyo mbalimbali. Wachora ramani waliomfuata wakaliongeza kosa, wakachora mto wa kubuni mpaka baharini, na wasafiri wakautafuta miaka mingi bure.

Na ahadi kwa watu wa ziwa? Haikutimizwa. Hakuna aliyetumwa kurudi. Padri Escalante alikufa mwaka 1780, yu safarini kwenda mji wa Mexico kutafuta matibabu, akiwa na umri wa miaka thelathini hivi. Padri Domínguez alimaliza siku zake katika kazi ndogo zisizojulikana. Sisi tuwasamehe wao wawili, kwa kuwa hawakuwa na mamlaka ya kuanzisha misioni. Lakini ahadi ni deni, na deni hilo lilikaa bila kulipwa juu ya meza ya wakubwa waliokuwa na uwezo. Walaguna waliotoa samaki wao na waongoza njia wao walingoja bure.

Hata ngazi zenyewe hazionekani tena. Mwaka 1963 serikali ya Marekani ilifunga milango ya bwawa la Glen Canyon, lenye ukuta wa meta 216. Maji yakapanda polepole, ziwa likajaa mwaka 1980, na Kivuko cha Mapadri kikazama.

Wanaotembea leo

Mto Paria hauna bwawa. Leo watu hushuka ndani yake kwa miguu, kutoka Utah mpaka mahali pa Salsipuedes, mwendo wa kilometa 61 kwa siku nne au tano. Wanavuka maji mara mamia, fimbo mkononi, viatu miguuni, mfuko mgongoni, nao ni lazima wapate kibali kwanza ili kulala humo. Kuna pia mto mwingine mashariki ya huo, ambao mwaka 1872 wapima nchi waliuita Escalante kwa heshima ya padri, ingawa yeye hakuuona kamwe. Huko nako waongoza njia huwashika wageni mkono: hapa kina, hapa mchanga unaozamisha, hapa tulale juu, si karibu na maji.

Onyo lao kubwa ni mvua ya mbali. Tarehe 12 Agosti 1997, katika Antelope Canyon, nchi ya Wanavaho, watalii 11, wengi wao Wafaransa, walikufa ndani ya korongo. Mvua ilikuwa imenyesha kilometa nyingi kutoka pale. Maji yakaja kama ukuta, na hapakuwa na pa kukimbilia. Siku hizi hakuna mgeni anayeruhusiwa kuingia humo bila kuongozwa na waongoza njia wenye kibali cha Wanavaho wenyewe.

Hivyo, ndugu msomaji, elimu ya wenyeji iliyowafikisha mapadri kwenye ziwa inaokoa watu hata leo. Ukimpata mwenye kuijua njia, mheshimu, usimkimbize kwa ugomvi wa nyumbani mwako. Ukiona njia mbele imefungwa, usione haya kurudi. Wale kumi walirudi, na wote wakaishi. Na ukimwahidi mtu aliyekupokea, andika ahadi hiyo mahali utakapoiona kila siku, kabla maji hayajaifunika.