Deni la New York
Sehemu ya Kwanza

Msomaji, sogea karibu. Ni usiku wa kuamkia tarehe 16 Februari 1862, ngome ya Donelson, jimbo la Tennessee, Marekani ikiwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, Kaskazini dhidi ya Kusini. Baridi inakata mifupa. Mto Cumberland uko upande mmoja, jeshi la Kaskazini limeziba upande wa pili.

Ndani, majenerali watatu wa Kusini wanatazamana. Nani atasalimu amri?

Mkuu wao, Floyd, hataki hata kulisikia neno hilo. Aliwahi kuwa Waziri wa Vita wa Marekani kabla ya kuiasi, na akishikwa anakiona kitanzi. Anamwachia Pillow uongozi. Pillow naye? Papo hapo anamsukumia wa tatu!

Huyo wa tatu ndiye mtu wetu: Simon Bolivar Buckner, mhitimu wa chuo cha kijeshi cha West Point, mwaka 1844.

Wakubwa wake wanavuka mto na kutokomea. Yeye anabaki na askari zaidi ya 12,000.

Niseme wazi: upande aliouchagua ulipigana kuulinda utumwa, na doa hilo halifutiki. Lakini kuwatelekeza vijana waliomfuata? Hapo Buckner alikataa.

Anamwandikia kamanda wa adui, anauliza masharti.

Na kamanda huyo ni nani? Ulysses Grant! Walisoma chuo kimoja. Wakapigana pamoja vita vya Mexico, wakaupanda pamoja mlima Popocatépetl.

Subiri, bado.

Mwaka 1854 Grant aliacha jeshi, akafika New York hana kitu, bili ya hoteli inamsubiri. Nani alimdhamini mpaka hela za nyumbani Ohio zikafika? Buckner!

Sasa niambie, uliyemsitiri siku ya aibu anaweza kukukaba koo?

Sikufichi, mtu wetu hafii hapa. Mwaka 1887 atakuwa gavana wa Kentucky, na mwaka utakaofuata mweka hazina wa jimbo atatoroka na hela za umma. Tutafika huko. Kwanza usiku huu uishe!

Asubuhi jibu linaletwa. Ni fupi mno. Halitaji New York, halitaji Mexico.

Buckner anasoma. Damu inamchemka. Anashika kalamu kujibu.

Grant kamwandikia nini? Na Buckner atakubali, au atawaambia vijana wake washike bunduki tena?

Itaendelea Jumamosi ijayo.