AC ya gari ikipuliza joto Ukambani: Usilipe gesi kabla hujajua ilitorokea wapi

Wasee wa Mombasa Road mnaijua hii. Umetoka Nairobi asubuhi AC iko sawa, Salama unapita ukiwa fiti, halafu kadiri barabara inavyoshuka kwenda Emali, Makindu na Mtito Andei, hewa inakuja vuguvugu. Mwezi wa pili huko nje ni jiko. Unasimama kwa fundi wa kwanza, anakwambia gesi imeisha, anajaza, unatoa doo, unasonga. Mwezi ukiisha uko palepale.

Gesi ya AC haiishi kama petroli. Inazunguka ndani ya paipu zilizofungwa na injini haiichomi. Inaweza kupungua kidogo sana kwa miaka, lakini ikiisha ndani ya wiki chache, kuna tundu. Fundi anayejaza bila kutafuta hilo tundu anakuuzia kitu kimoja kila mara. Na kuna siku gesi iko sawa kabisa, shida iko kwingine.

Kwa hivyo anza na zile za bure. Washa injini, washa AC, weka feni ya ndani mwisho. Kwa magari mengi utasikia "tak" kompresa ikishika. Usiposikia, angalia fyuzi na rilei kwanza. Lakini jua pia gesi ikiwa chini sana, swichi ya presha huzuia kompresa isiwake, juu bila gesi oili haizunguki na kompresa itajiua. (Kompresa zingine hazina klachi, hizo hazitakupigia hiyo "tak".)

Kama ndai inapuliza baridi ukiwa mbio lakini ukisimama kwa jam inageuka joto, karibu kila mara shida ni feni ya mbele au kondensa chafu. Kondensa ni ule wavu unaokaa mbele ya rejeta, na kazi yake ni kutupa joto nje. Hii ndiyo shida ya kwetu hasa. Kutoka Kibwezi hadi Kitui kupitia Mutomo ni lami, lakini ukikata kona kuingia kijijini ni vumbi jekundu, na usiku wadudu wanajibandika hapo mbele hadi wavu unaziba. Probox inayobeba maembe Makueni msimu mzima haioshwi hapo hata siku moja. Iosha kwa maji ya mpira wa kawaida, injini ikiwa imepoa. Ile mashine ya presha ya kuosha magari inakunja mapezi yake na unamaliza na shida kubwa kuliko ya kwanza. Kisha hakikisha feni inazunguka AC ikiwa on. Mshale wa joto la injini nao ukianza kupanda, zima AC na utafute pa kusimama, hiyo si mambo ya starehe tena.

Hewa ikitoka kidogo, hata kama ni baridi, fungua kidroo cha dashibodi. Kwa magari mengi filta ya hewa ya ndani inakaa nyuma yake, na watu hukaa nayo miaka bila kujua ipo.

Halafu shika paipu mbili zinazoingia kwa ukuta kati ya injini na kabini. Chunga mkanda na feni, na usiguse paipu inayotoka kwa kompresa, inachoma. Ile nene inafaa kuwa baridi na kutoa jasho. Kama ni baridi hivyo na ndani bado ni joto, gesi haina makosa: kuna kipazia ndani ya dashibodi kinachochanganya hewa moto na baridi, na kimekwama.

Ukifika kwa geji, usidanganywe na presha ya gari iliyozimwa. Kwa R134a, nyuzi 30 zitakupa kama psi 95 hata gesi ikiwa nusu. Lazima injini inguruke. Upande wa chini kwa kawaida husoma kati ya 25 na 45, wa juu 150 hadi 250, na kwa jua kali unaweza kupita hapo. Zote mbili zikiwa chini, gesi imepungua. Upande wa juu ukipaa, fikiria feni, kondensa, au gesi iliyozidishwa. Wa chini ukiwa juu na wa juu ukiwa chini, kompresa imechoka.

Kazi safi inaenda hivi. Tundu linatafutwa kwa sabuni, rangi maalum au naitrojeni. Alama ya oili kwenye maungio mara nyingi inakuonyesha. Likishazibwa, chujio la kukausha unyevu linabadilishwa, kisha pampu inavuta hewa yote kwa angalau nusu saa. Pampu ikizimwa, geji inafaa ibaki palepale. Gesi inawekwa kwa mizani, gramu zilizoandikwa kwa stika chini ya boneti. Kujaza kwa kukisia ndiko kunaleta AC yenye gesi nyingi na baridi hakuna.

Kama uko na Aqua au Prius, mwambie fundi mapema. Kompresa yake ni ya umeme na inataka oili yake. Oili ya kawaida inapitisha umeme na kuiharibu. Na yeyote akitaka kukuwekea gesi ya kupikia, ondoka. Hiyo inawaka, na utakuwa umekaa nayo mbele ya magoti.

Kumwaga gesi ya zamani hewani pia ni noma. R134a inanasa joto zaidi ya mara 1,400 ya kaboni dioksidi ya uzito uleule, ndiyo maana mkataba wa Kigali wa 2016 unapunguza gesi za aina hiyo. Fundi mwenye mashine ya kuivuta ndiye wa kutafuta.

Kabla ya kulipa, fungua madirisha joto litoke, yafunge, weka hewa izunguke ndani, kisha ingiza kipimajoto kwa tundu la katikati na uendeshe dakika 10. Kwa jua la Kibwezi, ikisoma 10 au 12 iko sawa. Ikisoma 20, bado hamjamalizana.