Masta: Silinda Ndogo Yenye Jina Kubwa

Nilikuwa nimesimama kwenye taa za Wandegeya, nikitokea Makerere, ndani ya Volkswagen yangu ya 1965 yenye mgongo wa kobe. Pedeli ya breki ikaanza kuzama. Ilishuka polepole kama mguu unaodidimia kwenye tope, na gari nalo likaanza kusogea kuelekea matako ya teksi iliyokuwa mbele. Nikapampu mara mbili, ikapanda. Nikaishikilia, ikazama tena. Nikavuta breki ya mkono, nikampigia fundi. Hakuhitaji maelezo marefu.

“Masta hiyo, mzee. Imekufa.”

Masta. Ndilo jina utakalolisikia Kisekka hapa Kampala, Kirinyaga Road kule Nairobi na Gerezani, Dar es Salaam. Anayeandika kitabu cha ufundi, au anayetafsiri, huona haya kuliandika hivyo, basi huweka “silinda kuu ya breki”. Kwa miaka mingi nami nimeandika hivyo hivyo. Siku hizi naliona neno hilo “kuu” linapotosha, na limeshanigharimu hela.

Tuanze na kifaa chenyewe. Masta ni bomba fupi la chuma lenye pistoni na raba ndani. Ukikanyaga pedeli, kijiti cha chuma kinaisukuma pistoni, pistoni inaisukuma oili ya breki, na kwa kuwa oili haibanwi ikapungua, msukumo unafika kwenye kila gurudumu kwa nguvu ileile juu ya kila milimita ya mraba. Hiyo ndiyo kanieneo ya wanafizikia. Gereji wanasema presha. Raba zikilika, au ukuta wa ndani ukiliwa na kutu kwa sababu oili ya breki hunyonya maji kutoka hewani, oili inapenya na kurudi nyuma ya pistoni. Hakuna tone linaloanguka chini. Unainama, unachungulia uvunguni, unaona pakavu, kumbe ugonjwa uko tumboni. Na masta za zamani kama yangu zina chumba kimoja tu: ikifa, magurudumu yote manne yamekufa nayo. Za vyumba viwili zilienea kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960.

Sasa hilo “kuu”. Masta ya gari langu ina kipenyo cha milimita 19 hivi. Silinda za magurudumu ya mbele zina milimita 22. Yaani hiyo inayoitwa kuu ndiyo nyembamba, na wembamba wake ndio unaozaa nguvu: mguu uleule ukisukuma eneo dogo, presha inapanda. Muuzaji mmoja mjini aliwahi kuniuzia ya milimita 22. Alinishauri niichukue kwa moyo mweupe kabisa, maana hii ndiyo breki kuu, kubwa ni bora. Pedeli ikawa ngumu, imesimama juu, inapendeza mguuni, lakini gari halishiki. Hesabu yake ni nyepesi: toka 19 hadi 22, presha inapungua kwa robo hivi. Simlaumu sana. Alilisoma jina jinsi Kiswahili kinavyolisoma: barabara kuu ni pana, mkutano mkuu una watu wengi.

Neno la Kiingereza lililozaa hilo “kuu”, yaani “master”, kwa kweli limetusumbua kila lilipotua. Kwenye shahada limekuwa uzamili. Kwenye mipango miji, watu wa Tanzania wakalipa sura ya mpango kabambe. Ufunguo unaofungua milango yote wahenga wa mtaani waliuita ufunguo malaya, na sijui kama kuna kamati ingethubutu. Hakuna anayelalamika kwamba maneno hayo matatu hayafanani, kwa sababu kila moja liliangalia kazi ya kitu.

Kwenye klachi mambo ni mabaya zaidi, maana huko Waingereza wana silinda bwana na silinda mtumwa. Mtu wa pwani akitafsiri hivyo, Bagamoyo na Zanzibar zinaingia ndani ya gereji bila kualikwa. Mafundi wamelikwepa zamani: wanasema ya juu na ya chini. Wameshinda bila kuitisha kikao.

Na vikao tumewahi kuwa navyo hapahapa. Kamati ya lugha iliyoundwa mwaka 1930 kusanifisha Kiswahili cha Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar ilihamishiwa Makerere mwaka 1952, ikakaa miaka kadhaa kabla ya kuelekea Mombasa na baadaye Dar es Salaam. Mwaka mmoja baada ya kamati kufika Makerere ndipo mashindano ya magari ya Safari yalipoanza, magari yakivuka Kenya, Uganda na Tanganyika kwenye vumbi. Napenda kuwawazia wanakamati wakiwa kilimani na kamusi zao, na chini ya kilima kuna makanika amelala chini ya gari, anatunga istilahi huku oili ikimdondokea machoni.

Pendekezo langu ni “silinda mama”. Tuna kampuni mama, tuna ubao mama ndani ya kompyuta. Mama ni chanzo, si lazima awe mnene. Nilimwambia fundi akiwa ameng'oa gurudumu la mbele kulia ili kuifikia masta. Alikuwa amepata ya milimita 19 Kisekka, ameitoa upepo mezani kwanza, anaifunga. Halafu akakirekebisha kijiti kibaki na mwanya wa milimita 1 kabla ya kugusa pistoni. Ukiukosa mwanya huo, pistoni inaziba kitundu kinachorudisha oili kwenye tangi. Oili ikipata moto inatanuka, haina pa kwenda, na breki zinajifunga zenyewe barabarani.

“Silinda mama,” akarudia, akijaribu pedeli kwa kiganja. Kiswahili chake alikiokota Nairobi alipofanya kazi ujanani. “Sawa, ssebo.”

Jioni akaniandikia risiti kwa kalamu ya bluu: masta mama 1, oili ya breki chupa 2, kazi.