Dola ni ya Nani? Mabishano ya Mlimani, 1967–1982

Shutuma kwamba wasomi wa Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walikuwa wakikariri vitabu vya wageni ni ya zamani kama mabishano yao yenyewe. Novemba 1970 jarida la wanafunzi la Cheche lilipopigwa marufuku pamoja na chama chao, USARF, sababu moja iliyotolewa ilikuwa kwamba jina la jarida hilo liliashiria ujamaa wa Kirusi. Ni kweli kwamba istilahi zao nyingi zilitoka kwa Marx na Lenin. Lakini swali walilolibishania lilizaliwa hapa hapa Tanzania: ni nani hasa anayeishika dola pale mali inapoitwa ya umma?

Azimio la Arusha, tamko la siasa ya ujamaa, lilipotangazwa Februari 1967, benki zilitaifishwa katika siku chache tu, na kampuni kubwa za biashara ya nje na viwanda vya kusaga nafaka vikafuata. Viongozi waliwekewa miiko: wasiwe na hisa katika kampuni, wasipangishe nyumba, wasipokee mishahara miwili. Kwa hiyo palikuwa na watu walioamua juu ya mali kubwa mno bila kuimiliki kisheria, na nadharia iliyolipima tabaka kwa umiliki peke yake haikutosha kuwaeleza. Issa Shivji, mmoja wa wasomi hao wa Mlimani, alilikabili jambo hilo mwaka 1970 katika toleo maalumu la Cheche, akionyesha kwamba makampuni ya kigeni yaliendelea kuchuma faida kupitia ubia na mikataba ya uendeshaji. Katika kitabu chake cha 1976 alikwenda mbali zaidi: waliokalia ofisi za dola na mashirika ya umma walikuwa wanageuka kuwa mabepari wa urasimu. Dani Nabudere, mwanasheria kutoka Uganda, alimpinga vikali. Kwake yeye, mtaji wa fedha wa kibeberu ndio uliotawala, na hao wa ofisini walikuwa mabepari uchwara tu. Kuwaita tabaka tawala ni kumwacha mtawala halisi nje ya hesabu. Mabishano hayo, yaliyowavuta wengi akiwemo msomi Mahmood Mamdani, yalikusanywa na Yash Tandon katika kitabu cha 1982. Ukali wa lugha yake wakati mwingine unachosha, lakini chini yake kuna hoja nzito.

Wapo watakaosema kwamba historia iliwapita wote. Mimi naona iliwapa wote ushahidi. Makubaliano ya 1986 na Shirika la Fedha la Kimataifa yalionyesha jinsi nchi inavyobanwa na fedha ya nje, kama alivyosisitiza Nabudere. Miaka mitano baadaye, Azimio la Zanzibar la 1991 lililegeza miiko, na kiongozi akaruhusiwa kuwa na hisa na kupangisha nyumba. Mlango kutoka ofisini hadi kwenye umiliki ukafunguliwa waziwazi, na hapo Shivji alikuwa ameona mbali kuliko mpinzani wake.

Lawama ninayoikubali ni nyingine. Azimio lilisomwa kwa Kiswahili hadi vijijini, ilhali mabishano juu yake yaliandikwa kwa Kiingereza. Mkulima aliyehamishiwa kijiji cha ujamaa na mfanyakazi wa kiwandani walizungumziwa sana, wakasikika kidogo. Walimu wa siasa na historia wayaweke maandishi yale mbele ya wanafunzi wao kwa Kiswahili, yakiwa na ukali wake wote, ili wajukuu wa wakulima wale nao waingie katika ubishi.