Wageni wa Siku Tatu: Historia ya Malazi na Bei Yake Mjini Juba

Mtu anayekwenda mji mgeni kwa siku chache hujiuliza maswali mawili kabla ya kufunga safari: nitalala wapi, na kwa bei gani? Katika miji mingi majibu hutegemea mfuko wa msafiri mwenyewe. Juba ni tofauti. Tangu mji huu uanze, bei ya kitanda imepangwa zaidi kwa kumtazama mgeni asiyejilipia: ofisa wa serikali, abiria wa ndege, mtumishi wa shirika. Raia anayejilipia amebaki kutegemea ndugu zake. Insha hii inafuata historia hiyo tangu enzi ya Waingereza hadi sasa, ili kueleza kwa nini kitanda cha bei nafuu karibu na ofisi kimekuwa kitu adimu katika mji mkuu wetu.

Mwishoni mwa miaka ya 1920 Waingereza walihamisha makao ya mkoa kutoka Mongalla na kuyaleta Juba, katika nchi ya Wabari. Mji uligawanywa kwa kazi za watu. Maofisa walikuwa na sehemu yao, wafanyabiashara yao, na askari yao. Jina la mtaa wa Buluk linatukumbusha mpango huo, kwa sababu neno "buluk" lilitumika katika majeshi ya Kituruki na ya Kimisri kwa maana ya kikosi. Hata leo makao makuu ya polisi yapo Buluk. Katika mji wa namna hiyo, aliyekuwa na kazi ya serikali alipewa pa kulala. Asiyekuwa nayo hakufikiriwa.

Wageni wenyewe hawakuwa wengi. Sheria ya mwaka 1922 ya pasi na vibali iliruhusu serikali kuzifunga wilaya za kusini, na mtu kutoka nje alihitaji kibali ili aingie. Waliokuja walipanda meli za mvuke kutoka Kosti, wakavuka mabwawa ya Sudd kwa siku nyingi. Safarini meli ndiyo iliyokuwa nyumba yao: wenye tiketi ya juu walipata vyumba, wengine walilala sitahani pamoja na mizigo.

Mabadiliko makubwa yalikuja kwa ndege. Mwaka 1931 kampuni ya Imperial Airways ilianza safari kutoka London hadi Mwanza, na Juba ikawa kituo kimojawapo njiani. Mwaka uliofuata njia hiyo ilifika Cape Town. Ndege za wakati ule hazikuruka usiku, hivyo abiria alishuka kila jioni, akala, akalala, akaondoka alfajiri. Ndiyo sababu mji mdogo kama Juba ulipata hoteli ya kisasa. Picha zilizopigwa mwaka 1936 zinaionesha Juba Hotel ikiwa imekwisha kusimama, tayari kwa wageni wa aina hiyo. Lakini tukumbuke jambo moja: nauli ya Imperial Airways ilijumuisha chakula na malazi ya njiani. Abiria aliyelala Juba hakuuliza bei ya kitanda, kwa kuwa kilikuwa kimelipiwa London.

Mwenyeji aliyekuja mjini kwa miguu kutoka Terekeka au Yei hakuwa na nafasi katika hesabu hiyo. Yeye alimtafuta mtu wa ukoo wake. Desturi hiyo ni nzuri na bado ipo, lakini ina mipaka yake. Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mgeni anayengoja karatasi ofisini hajui kama ataondoka siku ya tatu au ya ishirini, na mwenyeji wake hana chakula cha siku ishirini.

Baada ya mkataba wa Addis Ababa wa mwaka 1972, Juba ikawa makao ya serikali ya kusini. Chuo Kikuu cha Juba kilifunguliwa mwaka 1977. Wanafunzi, walimu na makarani walianza kuingia kutoka kila upande, na mji ungeweza kukuza nyumba za wageni za kawaida, zile ambazo hapa huitwa lokanda. Vita vilivyoanza mwaka 1983 vilikata njia hiyo. Juba ikawa kambi ya jeshi la Khartoum iliyozungukwa na wapiganaji wa SPLA. Barabara hazikupitika kwa usalama, na waliokimbilia mjini walikuwa wakimbizi, si wapangaji wa vyumba.

Amani ilipotiwa saini tarehe 9 Januari 2005, wageni walikuja kwa wingi kuliko vitanda. Umoja wa Mataifa, mashirika ya misaada, wakandarasi na wafanyabiashara wote walitaka pa kulala mara moja. Zikapigwa kambi za mahema kando ya Mto Nile, na hema moja lilitozwa dola 100 na zaidi kwa usiku mmoja. Baadaye yakaja makontena yaliyokatwa madirisha na kuwekwa viyoyozi. Kwa nini hema liuzwe kama chumba cha hoteli ya Ulaya? Sababu ni kadhaa. Umeme ulitoka kwenye jenereta, na dizeli ilisafirishwa kwa malori kupitia Uganda. Maji yaliletwa kwa magari. Saruji na mabati vilitoka mbali. Haki ya kumiliki kiwanja haikuwa ya uhakika, hivyo mwekezaji alipendelea kitu anachoweza kukibomoa na kuondoka nacho. Juu ya yote hayo, mgeni alilipiwa na mwajiri, na mwajiri hakubishana.

Barabara ya lami ya Nimule, kilomita 192, ilikamilika mwaka 2012 na kurahisisha uchukuzi. Lakini mapigano ya Desemba 2013 na ya Julai 2016 yalibadilisha hata maana ya mahali pazuri. Zamani mahali pazuri palikuwa karibu na gati au soko. Sasa pakawa penye ukuta mrefu, walinzi na njia fupi ya uwanja wa ndege. Ukuta nao huongezwa kwenye bei, ingawa mwaka 2016 hata wageni waliokuwa ndani ya kuta walishambuliwa.

Pigo jingine lilikuwa la fedha. Kabla ya Desemba 2015 dola moja ilibadilishwa rasmi kwa pauni zisizofika 3. Serikali ilipoiachia pauni, dola ikafika pauni 18 na zaidi. Chumba cha dola 100 kilichokuwa chini ya pauni 300 kwa hesabu rasmi kikapita pauni 1,800. Kweli, mitaani dola ilikuwa ghali hata kabla ya hapo. Lakini anayepokea mshahara kwa pauni aliona wazi kwamba hoteli inayotaja bei kwa dola haimsemeshi yeye.

Mfikirie basi mjane wa polisi anayetoka mbali kufuatilia mafao ya mumewe Buluk. Akilala karibu, fedha zinakwisha kabla ya karatasi kutoka. Akilala pembezoni mwa mji kwa bei ndogo, nauli ya bodaboda ya kwenda na kurudi inakula alichookoa. Asipokuwa na ndugu Juba, haki yake inakuwa ghali kuliko mafao yenyewe.

Kwa kumalizia, historia inaonesha kwamba malazi ya Juba hayakuwa ghali kwa bahati mbaya. Yalijengwa kwa ajili ya mgeni aliyelipiwa, kwanza na kampuni ya ndege, kisha na mashirika. Kinachokosekana ni nyumba ya wageni iliyo safi na salama, yenye bei iliyoandikwa kwa pauni mlangoni, kwa kutembea kidogo tu kutoka ofisini. Serikali inayowaita raia waje Juba kwa kila muhuri ina sababu ya kutenga kiwanja kwa ajili hiyo, au kuupeleka muhuri huko waliko.