Nanga ya ghorofani

Mafundi bomba wengi huita kila kinacholishika bomba “klampu”, na hapo ndipo kazi mbili huchanganywa. Katika jengo refu, kishikizo kimoja cha bomba la wima hubeba: hulikamata kabisa na uzito wote hukielemea. Kingine huzuia tu bomba lisiyumbe, huku kikiliacha lipande na kushuka. Cha kwanza nakiita nanga, cha pili mwongozo (neno linalonukia vitabu vya shule, lakini bora sijaliona).

Bomba la shaba la maji moto lenye mita 100, joto likipanda kwa nyuzi 50, hurefuka milimita 85 hivi. La chuma, kama 60. Likitiwa nanga juu na chini bila nafasi ya kujinyoosha, hupinda. Ndiyo maana nanga mara nyingi huwekwa katikati, urefu ugawanyike pande mbili.

Mpira na springi zinazowekwa kwenye vishikizo hivyo ni habari nyingine: huzuia mtetemo wa pampu usipenye zege hadi chumbani kwa aliyelala. Springi, tena, hufuata bomba linaposogea; kipande chembamba cha mpira hakifiki mbali.