Mchungaji Aliyekuwa Fundi wa Kijiji: Maisha ya Philipp Matthäus Hahn (1739–1790)

Vitabu vya kumbukumbu za sharika hujaa majina ya wachungaji, wainjilisti na wazee wa Kanisa, na ni haki yao kukumbukwa. Mafundi hutajwa kwa sentensi moja, kama wanatajwa: aliyeezeka paa, aliyetundika kengele, aliyeitengeneza mashine ya kusaga ilipoharibika wakati wa mavuno. Ni kana kwamba kazi ya mikono ni jambo la nje, na kazi ya Neno ndiyo pekee ya ndani. Hata hivyo Maandiko hayasemi hivyo. Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 31, Besaleli anatajwa kwa jina lake na kwa jina la baba yake, na ustadi wake unahesabiwa kuwa ni kipawa cha Roho wa Mungu.

Katika historia ya Walutheri yuko mtu mmoja ambaye ndani yake kazi hizi mbili zilikaa chumba kimoja, wala hazikukaa kwa amani sikuzote. Naye ni Philipp Matthäus Hahn, mchungaji wa vijijini huko Württemberg, kusini mwa Ujerumani, fundi wa saa, mizani na mashine za kukokotoa hesabu. (Asichanganywe na Johann Michael Hahn, mwalimu mwingine wa uamsho katika nchi hiyohiyo, ambaye wafuasi wake walijulikana kwa jina lake.)

Alizaliwa tarehe 25 Novemba 1739 katika kijiji cha Scharnhausen, ambako baba yake alikuwa mchungaji. Tangu utotoni alivutwa na saa za jua na mwendo wa vivuli ukutani. Alipopelekwa Tübingen kusoma theolojia, fedha zilikuwa chache. Kumbukumbu za maisha yake zasimulia kwamba alijinyima chakula ili aweze kununua saa ya mfukoni. Hakuinunua kwa ajili ya kujua wakati. Aliinunua ili aifungue na kuona kilichomo.

Baada ya masomo alitumika kama msaidizi wa wachungaji mbalimbali, akaonja mafundisho ya Friedrich Christoph Oetinger, mwanatheolojia aliyeamini kwamba viumbe na Maandiko ni vya kusomwa pamoja. Mwaka 1764 alipewa usharika wake wa kwanza, Onstmettingen, kijiji maskini katika nyanda za juu za Swabia. Hapo alikuwapo Philipp Gottfried Schaudt, mwalimu wa shule ya kijiji, rafiki yake wa tangu ujana na mtu mwenye mikono hodari kuliko ya mchungaji. Wakagawana kazi: Hahn alipiga hesabu na kuchora, Schaudt alikata shaba na kuchonga meno ya magurudumu. Ni vema kulisema jambo hili, kwa sababu sifa ya mitambo imemwendea mchungaji, na mwalimu amebaki kivulini.

Mtambo wao mkubwa ulikamilika mwaka 1769 kwa ajili ya Duke Karl Eugen, mtawala wa Württemberg. Ulionyesha mwendo wa jua, mwezi na sayari. Ulikuwa pia na sehemu iliyoonyesha umri wa ulimwengu kwa kufuata hesabu za Johann Albrecht Bengel, aliyeutaja mwaka 1836 kuwa ndio mwanzo wa utawala wa miaka elfu. Mwaka 1836 ulipita kama miaka mingine. Magurudumu ya shaba hayakukosea hata kidogo. Kosa lilikuwa katika kile ambacho wanadamu waliyaamuru yaonyeshe. Mtawala alipendezwa, na mwaka 1770 Hahn akahamishiwa Kornwestheim, usharika wenye mapato mazuri zaidi, karibu na Ludwigsburg.

Hesabu za mitambo ya namna hiyo zilikuwa ndefu na za kuchosha, na kosa dogo mwanzoni liliharibu gurudumu mwishoni. Kwa shida hiyo Hahn alianza kutengeneza mashine ya kumsaidia. Leibniz, mwanafalsafa aliyemtangulia kwa miaka mingi, alikwisha kubuni silinda yenye meno ya urefu mbalimbali, lakini mashine yake haikufanya kazi kwa uhakika. Hahn alizipanga silinda hizo katika duara, akaweka mkono mmoja wa kuzungushia katikati. Kigumu kilikuwa lile jambo ambalo watoto wa shule huliita kubeba: tisa ikiongezwa moja, tarakimu ya jirani lazima isogee, na jirani yake pia ikibidi, bila kitu kukwama. Kufikia mwaka 1774 alikuwa na mashine iliyoweza kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya. Inahesabiwa miongoni mwa mashine za kwanza duniani kufanya kazi hizo nne kwa kutegemewa. Wakuu na watu wa elimu walikuja kijijini kuiona, mshairi Goethe akiwa mmoja wao.

Lakini katika shajara zake, ambazo zimehifadhiwa na kuchapishwa, hatumkuti mtu anayefurahia sifa. Mwaka 1773 aliandika kwamba mashine hizo, ya hesabu na ya nyota, ni takataka tu. Walakini ataendelea kuubeba mzigo huo, iwapo jina zuri analopata litaifungulia Injili mlango. Hayo ni maneno mazito kwa mtu aliyetumia usiku wake mwingi juu ya magurudumu yaleyale. Mara kwa mara anajishtaki kwamba ameichelewesha hotuba kwa ajili ya saa, kisha siku chache baadaye yuko tena karakanani. Wanaomwona kuwa mnafiki wanamwonea. Alikuwa mtu mwenye vipawa viwili na siku moja yenye saa ishirini na nne.

Karakana ilikuwa nyumbani. Ndugu zake walifanya kazi humo, pamoja na mafundi na wanagenzi, na wote walihitaji kula. Mzigo huo ulimwangukia mama wa nyumba. Mke wake wa kwanza, Anna Maria Rapp, aliolewa akiwa binti mdogo sana, akazaa watoto mfululizo, akafariki mwaka 1775 kabla ya kufikia umri wa miaka thelathini. Mwaka uliofuata Hahn alimwoa Beate Regina, binti wa Mchungaji Johann Friedrich Flattich, mlezi wa vijana aliyesifiwa nchi nzima. Shajara haifichi kwamba ndoa hii ilikuwa na misukosuko. Mume alitaka utulivu wa kuomba na kuandika. Mke alikuwa na nyumba iliyojaa watu, watoto wa mama wawili na vumbi la shaba. Jioni za ibada za nyumbani, ambazo sheria ya Württemberg iliziruhusu kwa masharti tangu mwaka 1743, ziliongeza wageni. Mtu akisoma kurasa hizo hawezi kumlaumu mama.

Mwaka 1781 alihamia Echterdingen. Baraza kuu la Kanisa lilikuwa limemkemea kwa sababu ya maandishi yake ya theolojia, na jambo hilo lilimuumiza kuliko mtambo wowote uliogoma. Alifariki hapo tarehe 2 Mei 1790, akiwa na miaka hamsini.

Lililodumu zaidi si mashine ya hesabu. Ni mizani. Hahn alibuni mizani ya nyumbani isiyohitaji mawe ya kupimia: mzigo uliinamisha mkono, na mkono ukaonyesha uzito kwenye kipimo kilichoandikwa tayari. Hivyo mnunuzi aliweza kusoma kwa macho yake mwenyewe, na mawe yaliyopunguzwa kwa hila hayakuwa na nafasi. Maskini wa Onstmettingen walijifunza ufundi huo, na eneo la Balingen likawa kitovu cha utengenezaji wa mizani hadi karne hizi. Mambo ya Walawi, sura ya 19, inadai mizani ya haki. Hapa mchungaji aliitimiza amri hiyo kwa tupa na nyundo.

Uamsho wa vijiji vile una uhusiano na Afrika Mashariki. Mwaka 1819 watu wa ibada za nyumbani walianzisha makazi yao Korntal, mwendo mfupi kutoka Kornwestheim. Johann Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, na Johannes Rebmann, mzaliwa wa Gerlingen aliyeiona theluji ya Kilimanjaro mwaka 1848, walilelewa katika uchaji wa nchi hiyo, ingawa walitumwa na chama cha Waanglikana. Wote wawili walimalizia siku zao Korntal, Rebmann mwaka 1876 na Krapf mwaka 1881.

Nyumbani kwa Hahn, baadhi ya wana waliendelea na ufundi wa saa. Binti yake Beate, aliyezaliwa Kornwestheim mwaka 1778, aliolewa na Mchungaji Paulus. Katika kijiji cha Talheim, mshahara wa mume ukiwa hautoshi, mama huyo alisimamia mashamba, akakopa, akauza mavuno na kuomba kwa machozi ili wanawe wasome. Naye aliandika shajara, kama baba yake. Alifariki mwaka 1842, wanawe wakiwa wamekwisha kufungua shule yao karibu na Ludwigsburg.